Kirikuu Tuliyoingoja

Mume wangu ni fundi pikipiki, na fundi mzuri. Naanza na hilo kwa sababu nitakayosimulia hayamjengi, na sitaki mtu afike mwisho akidhani niliolewa na mjinga. Pale mtaani kwetu Lumemo, Ifakara, pikipiki ikianza kukohoa watu wanaikokota mpaka kwake hata kama wamepita mafundi wengine njiani. Injini anaisikiliza amefumba macho, halafu anakuambia kinachouma. Ndiyo maana kikundi chetu cha akina mama kilipofikia hatua ya kununua gari, hatukuhangaika kutafuta mtu wa kumtuma Dar es Salaam. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya wenzangu, mkono kiunoni, nikasema, "Mtumeni mume wangu. Kwa mambo ya magari, yule hadanganywi." Wakapiga makofi. Nikakaa nikiwa nimevimba kichwa.

Sisi ni wakulima wa mpunga. Tunaishi Ifakara lakini mashamba yetu yako Mofu, karibu na mto, ambako udongo unazaa na barabara inatesa. Kulima hakujawahi kuwa shida yetu. Shida ni kuutoa mpunga shambani. Ukishavuna, ukapura, ukapepeta na kujaza magunia, unakaa juu yake kando ya jaruba unasubiri lori la mtu. Mwenye lori anajua kwamba unasubiri. Anajua pia kwamba majirani zetu Wasukuma wanashusha ng'ombe wao kula mabua baada ya mavuno, na ng'ombe akishalitoboa gunia kwa pembe hakuna wa kumwambia kwamba hayo si mabua. Kwa hiyo anataja nauli anayoitaka yeye, wewe unanung'unika, unalipa, na kile ulichokiita faida kinapanda lori pamoja na mpunga.

Ndipo tukaanza mchezo wa kuweka akiba. Akina mama wengine wanacheza kwa fedha, lakini sisi fedha haikai mkononi, mtoto akikohoa imekwisha. Tukacheza kwa mpunga. Kila mavuno kila mama alipeleka gunia lake stoo kwa mama mwenyekiti, tukafunga mlango, tukasubiri bei ipande, tukauza, tukaweka benki. Katika michezo mingine kila mtu ana zamu yake ya kupokea. Kwetu hapakuwa na zamu ya mtu. Zamu zote zilikuwa za gari.

Na gari lenyewe lilijulikana mpaka kwa watoto wa mtaani: kirikuu, kale kagari ka mizigo kenye uso bapa na bodi wazi nyuma, kanakopenya kwenye tope kwa sababu ni kepesi na kanakunywa mafuta kwa adabu. Zamani gari lilikuwa la tajiri na la misheni. Siku hizi yadi za Dar zimejaa magari yaliyotumika nje, kila aina, mpaka mtu wa jembe naye anathubutu kusimama getini na kuuliza bei. Tuliongea habari za kirikuu tukipalilia, tukivuna, tukienda kanisani. Wengine walishapanga nani atakaa mbele na dereva siku ya kwanza. Wote tulijua kwamba msimu huu gari lisipopatikana, mpunga utabaki Mofu, maana fedha ya kukodi lori hatukuiacha. Yote tulimkabidhi mume wangu.

Alipiga simu akiwa yadini. Sauti yake ilikuwa juu, nyuma yake kulikuwa na kelele za honi.

"Mke wangu, nimepata kitu. Mtanishukuru."

"Kirikuu ya rangi gani?"

"Wewe subiri tu."

Nikadhani ni utani wa mwanamume aliyefurahi. Nikawaambia wenzangu kwamba mambo yameiva.

Siku ya kumpokea tulivaa khanga za sare. Mpango ulikuwa tumngoje mwanzo wa mji, upande wa barabara inayotoka Mikumi, akifika tupande wote kwenye bodi tukiimba mpaka parokiani, padre abariki gari kabla halijagusa mzigo wowote. Padre alishaambiwa. Mume wangu alipiga simu tena kutoka Sanje, akasema anasimama kidogo kununua ndizi, yuko njiani. Tukakata matawi, tukapanga mstari kando ya lami.

Kwanza tulisikia mlio. Kisha likaja gari la njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji, fupi, limelala chini, milango miwili. Mwenzetu mmoja akatuambia tuwavute watoto barabarani, labda ni mtoto wa tajiri anakwenda kutalii. Tukasogea kulipisha. Likapunguza mwendo, likasimama mbele yetu. Mlango ukafunguka, ukatoka mguu, ukatoka mguu wa pili, halafu baada ya muda kidogo, maana gari lenyewe liko chini mno, akatoka mume wangu. Kwenye kiti cha pembeni ulikaa mkungu wa ndizi.

Matawi yakashuka mikononi mwetu. Yeye hakuliona hilo. Uso wake uling'aa, alikuwa anaongea kabla hajasimama vizuri.

"Bei ile ile!" alisema. "Jamani, bei ya kirikuu, ile ile! Mnajua gari kama hili linauzwaje likiwa jipya? Sasa sikilizeni. Kirikuu inabeba mpunga, sawa, lakini mpunga ni wa msimu. Hili ni la harusi. Ifakara nzima hakuna gari la harusi kama hili, watu wanakodi mpaka Morogoro. Mavuno yakiisha harusi zinaanza, si ndiyo? Jumamosi moja tu ya harusi linaingiza nauli ya lori. Tunakodi malori kwa fedha ya harusi, na chenji inabaki."

Nitasema ukweli, kulikuwa na akili humo ndani. Niliona wenzangu wawili wameanza kutikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeshika tawi langu, natafuta mahali pa kuweka macho.

Mama mwenyekiti alisogea. Ni mtu mzima, mjane, amelea wajukuu kwa jembe, na haongei haraka. Alilizunguka gari lote taratibu. Akainama, mkono mgongoni, akachungulia ndani.

"Mwanangu, dereva anakaa huku?"

"Ndiyo, mama."

"Na bibi harusi anakaa huku, penye ndizi."

"Ndiyo, mama."

"Sasa bwana harusi atakaa wapi?"

Mume wangu aliinama. Akakitazama kile kiti, akatazama nyuma yake ambako hakukuwa na kiti kingine, akarudi kukitazama tena. Mafuta alikuwa ameyapigia hesabu, na kuosha, na maua ya kubandika mbele, na utepe. Bwana harusi alikuwa amemsahau. Na kwetu bwana harusi hapandi peke yake, kuna mpambe wake na mpambe wa bibi harusi, wote wanne lazima waonekane wakishuka katika gari moja, vinginevyo watu watauliza kama ndoa imeanza kuvunjika barabarani.

Uso ulinichoma. Nilihisi masikio yangu yanawaka, nikajua kila mmoja pale anayakumbuka maneno yangu: yule hadanganywi.

Mama mwenyekiti akanyanyuka. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele yeye mwenyewe, kirefu. Ikabidi na sisi tupige. Wakaamua kwamba mimi, mke wa dereva, nipande. Nikapakata mkungu wa ndizi, magoti karibu na kidevu, gari likaenda polepole kuelekea parokiani huku wenzangu wakitembea nyuma kwa miguu na khanga zao mpya, wakiimba wimbo tuliouandaa, ule wa kuishukuru bodi ya kirikuu yetu. Walibadilisha maneno njiani ili yasiniumize. Padre alitoka na maji ya baraka, akalitazama gari, akatutazama sisi, akauliza kwa upole, "Hili ndilo la kikundi?" Tukaitikia. Akasoma sala aliyokuwa ameiandaa, akaliombea gari libebe salama mavuno ya watu hawa. Mtu mmoja nyuma yangu akakohoa. Sikugeuka.

Baada ya hapo sikuwa na raha ya kwenda sokoni. Wenzangu hawakunisema. Walinisalimia vizuri kupita kiasi, wananiuliza hali ya watoto mara mbili mbili, na mazungumzo ya mashamba yanakatika nikifika. Vijana wa kijiweni ndio hawakuwa na breki. "Shem, mwambie fundi atuletee trela la hiyo kitu!" Mmoja nilimjibu vibaya mpaka mama yake akaja kuniuliza kulikoni. Wachumba walikuja kulitazama gari, wakapiga picha wameliegemea, wakatoa shukrani, wakaenda kukodi gari pana lenye viti vya kutosha.

Nyumbani nilimsema. Siku moja nilimsema mpaka nikaishiwa maneno, nikamaliza kwa kumuuliza, "Lakini wewe uliona nini? Fundi mzima, uliona nini?"

Alikuwa anasafisha plagi ya pikipiki ya mtu. Hakuinua kichwa.

"Nilikaa ndani," alisema. "Yule jamaa wa yadi alinifungulia mlango, akasema karibu bosi, jaribu. Nikakaa. Maisha yangu yote nimelala chini ya vyombo vya watu. Nikasema, na sisi. Kwa nini sisi kila siku tununue kitu cha kubebea magunia tu?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni kwa sababu sisi tuna magunia. Nilimwonea aibu na nikamwonea huruma, na aibu ilikuwa kubwa zaidi.

Mavuno yakaiva. Tukahamia Mofu, tukavuna, tukapura, magunia yakapangwa kando ya majaruba kama kawaida, na kama kawaida malori yakaja kutuzungukia. Safari hii hatukuwa na cha kuwapa. Ng'ombe walishaanza kuonekana upande wa pili wa mashamba. Tukaacha wenzetu wachache walinde kwa zamu, sisi wengine tukarudi mjini kutafuta njia.

Mama mwenyekiti akaniita kwake. Nilimkuta anachambua mchele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akasogeza ungo. "Dada yangu ana mtoto wake Morogoro. Amempata kijana mwenye kirikuu, anapenda sana magari ya namna ya lile letu. Yuko tayari kubadilishana, gari kwa gari, hakuna kuongeza. Ila atalikagua kwanza. Anakuja Jumapili."

Nilimshika mkono.

"Wenzako nimeshawaambia," aliendelea. "Bado fundi tu. Huyo nitakuja mwenyewe nikae naye, nimweleze taratibu, asisikie kwamba gari lake linauzwa mgongoni kwake. Wewe usimwambie kitu, ukianza wewe mtagombana."

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Gari halikuwepo. Jirani akaniambia fundi ameondoka alfajiri na kamba, hakusema anakwenda wapi. Mchana nikausikia ule mlio, lakini sasa ndani yake kulikuwa na sauti nyingine, ya chuma kinachokwaruza. Gari likatokea limepakwa tope mpaka kwenye vioo. Kiti cha pembeni kilikaliwa na gunia la mpunga, limefungwa mkanda kama abiria. Gunia jingine lilikuwa kwenye buti, mfuniko uko wazi, umekazwa kwa kamba ya manila.

Mume wangu alishuka akicheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho kabla ya siku ile.

"La mama mwenyekiti limetangulia," alisema. "Nitaleta ya wote. Mawili mawili, polepole. Yetu yatakuwa ya mwisho, wasije wakasema. Unajua nilikuwa nafikiri kila siku nifanye nini, kumbe jibu ninalo nyumbani!"

Aliwasha tena akaenda kuyashusha stoo. Nilimfuata kwa miguu, khanga inanidondoka. Nilipofika alishashusha, anageuza gari kurudi Mofu, na wanawake wengine walikuwa pale wamesimama. Nikamvuta mama mwenyekiti pembeni.

"Mama, nimzuie. Analiua lile gari. Lile liko chini, ile barabara italimaliza kabla ya Jumapili."

Akanishika kifundo cha mkono, akakishikilia.

"Najua," alisema. "Hebu mtazame kwanza."

Nikatazama. Mume wangu alikuwa anawasalimia akina mama mmoja mmoja, anauliza la nani lifuate, anajifuta jasho kwa kiwiko, anatania.

"Yule tangu siku ya kigelegele hajatutazama machoni," mama mwenyekiti alisema. "Akipita kwangu anaangalia chini kama mwizi. Ukienda sasa hivi kumwambia kwamba hata hili analofanya amekosea, atainuka lini tena? Sisi tunavuna kila mwaka, mwanangu. Labda gari litastahimili. Mwache."

Nikamwacha. Wiki nzima nilimwacha. Kila alfajiri nilimkorogea uji, nikamfungia viazi kwenye mfuko, nikamkabidhi kamba, na kila alipoondoka nilisikia lile gari linavyougua kuvuka shimo la mwanzo wa mtaa wetu. Jioni alilala chini yake anagongagonga, anapiga mluzi. Kuna jioni alitoka na uso umechafuka mafuta akaniambia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imepata ufa kidogo, lakini ameiziba kwa gundi ya chuma, isinitie hofu. Nikamwambia sawa. Wenzangu nao walimpokea stoo kwa vicheko na maji ya kunywa. Mtaa mzima uliona gunia linapita limefungwa mkanda, watu wakatoka milangoni kutazama. Kila mwanamke wa kikundi alijua. Asiyejua alikuwa yeye peke yake.

Magunia yakaisha Jumamosi. Yetu yalikuja ya mwisho, kama alivyosema.

Jumapili baada ya misa mama mwenyekiti alikuja nyumbani na kikundi chote nyuma yake. Alikuwa bado hajapata nafasi ya kukaa na mume wangu, maana wiki nzima hakukalika, kama hayuko barabarani yuko chini ya gari. Akaanza kumweleza pale pale uani kwamba kuna mgeni kutoka Morogoro, na kabla hajafika popote mgeni mwenyewe akaingia. Kirikuu yake ilikuwa nyeupe, safi, bodi imepakwa rangi mpya. Akina mama waliisogelea. Mmoja akapitisha mkono kwenye bodi, akaurudisha haraka.

Kijana alisalimia watu wazima shikamoo, akaomba kipande cha gunia, akakitandika, akajipenyeza chini ya gari la njano. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono bila haraka, hakuwa na ufedhuli wowote.

"Mama zangu, samahani," alisema. "Sampu imepasuka. Shokapu zote zimekufa. Na chesesi, fremu yenyewe, imepinda, hii hainyooki tena. Hili gari mmelibebesha nini?"

Mume wangu alikuwa amesimama na spana mkononi. Aliitazama kirikuu, akamtazama kijana, akatutazama sisi. Mashine hazijawahi kumchukua muda, na hii pia haikumchukua muda.

"Alikuja kubadilisha," alisema.

"Ndiyo, mwanangu," mama mwenyekiti alijibu.

"Mlijua tangu lini?"

"Kabla hujaleta gunia la kwanza."

Akanigeukia mimi. "Na wewe?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Mkaniacha nibebe."

"Mpunga umefika wote," mama mwenyekiti alisema. "Hakuna gunia lililoliwa na ng'ombe. Umefanya kazi, mwanangu."

Kijana wa Morogoro alikunywa maji, akaaga, akawasha kirikuu yake na kuondoka. Tuliisikiliza mpaka ilipokata kona. Mama mwenyekiti akasema mavuno yajayo tunaanza upya, kila mtu gunia lake, na wote wakaitikia ndiyo bila mtu kugoma. Kisha wakaanza kuondoka, na kila aliyeondoka alipita kwanza kwa mume wangu, akampa mkono. "Asante, shemeji. Asante kwa mpunga. Mungu akubariki kwa kazi." Mmoja baada ya mwingine. Yeye aliipokea ile mikono kichwa kikiwa chini, spana ameihamishia mkono wa kushoto, na mimi nimesimama ubavuni kwake kama wafiwa wanavyosimama kupokea pole. Kila mkono uliokuja nilimwomba Mungu uwe wa mtu mwenye hasira, atokee hata mmoja amtukane, amwambie amewatia umaskini, ili naye apate cha kujibu. Walipita wote mpaka wa mwisho. Hakutokea.